Kaa, Bibi na Mnara

Jumatatu, 3 Machi

Nimesahihisha vibao vya udongo vya wanafunzi mpaka shingo imekakamaa. Aliyebonyeza tete la kuandikia kwa hasira anaonekana, aliyekuwa anachungulia simu naye anaonekana. Mmoja kaandika ng'ombe kumi pale nilipotaka mbuzi wawili. Angekuwa karani wa hekalu kule Sumeri wangemrudisha machungani. Nimempa maksi za huruma, na vingine nimeviacha vya kesho.

Nafundisha historia ya maandishi chuoni, Braamfontein, hapa Johannesburg. Wasumeri, Wamisri, Wachina wa kale, wote wako kwenye kabati langu. Kazi tamu, sitaki kudanganya. Watoto wa watu wanaingia darasani wasafi, wanatoka na udongo mpaka kwenye nyusi.

Nakaa Rosettenville. Wanafunzi wanaamini nilihamia huko kwa ajili ya jiwe la Rosetta, lile lenye tangazo moja kwa maandishi matatu, lililowafungulia wataalamu maandishi ya Misri. Nawaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba chini ya chumba changu pana duka la mikate la Dona Lurdes, mama wa Kireno, na ni harufu yake ya asubuhi iliyonihamisha.

Mchana mpenzi wangu Furaha amepiga simu. Ile shule ya Cape Town imempa nafasi kweli. Kufundisha Kifaransa, kuanzia muhula ujao. Wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Ameniambia kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa, na mimi nikajibu hongera. Mjinga mimi. Hongera ya nini?

Nataka kumwoa. Basi, nimeliandika. Tuko pamoja mwaka na nusu na neno hilo halijanitoka mdomoni. Kisa ni jamaa mmoja wa kwao aliyewahi kumposa kwa ujumbe wa simu, tena wenye kikatuni cha pete. Mpaka leo akimkumbuka anapika kwa kelele. Aliniambia mapema kabisa: siku ukiwa na neno la maana, usinitumie kwa simu.

Sawa. Nitamtumia kwa udongo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya mawe mchana. Paa la kituo cha basi liliimba. Nimefika nyumbani nimelowa, na furaha tele, begi likiwa na udongo wa kutosha.

Maandishi ya kabari ya Wasumeri hatayasoma. Alfabeti ni sawa tu na simu. Nataka kuandika kama walivyoanza wenyewe, picha ikiazima sauti. Msumeri alitaka kuandika uhai. Uhai unauchoraje? Lakini kwa lugha yake uhai ulitamkwa "ti", na mshale nao ulitamkwa "ti". Akachora mshale. Kila mwaka nikilifundisha hilo mwili unanisisimka, na mwanafunzi akipiga miayo hapo namchukia kwa muda.

Mimi nataka kusema: kaa nami. Kukaa hakuchoreki. Lakini kaa yule wa pwani, mwenye magando, anachoreka. Basi nimechora kaa, halafu mwanamume mwenye miwani, ndiye mimi. Picha mbili, basi. Mimi mtoto wa Tanga, kaa nilidhani namchora macho yamefumba. Wa kwanza katoka kobe. Nikakanda udongo, nikaanza upya. Wa tatu ndiye aliyekuwa kaa hasa.

Ukingoni nimebonyeza ukucha wa kidole gumba. Zamani zile asiye na mhuri alibonyeza ukucha wake kwenye mkataba, ikawa ndiyo sahihi yake.

Nakiangalia na kucheka peke yangu. Mtu mzima, shahada tatu, nachora kaa ili nipate mke.

Jumatano, 5 Machi

Kibao hakikauki. Hewa nzima ni mvua. Nimemwomba Dona Lurdes akiweke kwenye tanuri lake mikate ikishatoka na moto ukipoa. Kakikagua kote, kauliza kama kina sukari. Nikamwambia ni barua ya kumposa mwanamke. Kafanya ishara ya msalaba, kakiweka mwenyewe katikati, mahali anapowekaga mikate ya sherehe.

Jioni nikakuta mteja amekishika, anauliza kama kinauzwa. Nusura nimpokonye. Kimekauka, hakina ufa hata mmoja. Kesho simwoni Furaha, ana mikutano ya wazazi. Keshokutwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa. Niandike kwa mpangilio, maana nacheka na naumia kwa pamoja.

Furaha anakaa Kensington, nyuma ya duka la mashuka kwenye barabara kubwa. Nilikuta amepika. Mimi nasema ugali na kisamvu, yeye anasema bukari na sombe, tunabishana kila Ijumaa na sufuria inakwisha. Ni wa Lubumbashi. Kiswahili cha kwao kina watu wanaoitwa bantu na vitu vinavyoitwa bintu. Akiwa na mimi anakinyoosha kidogo ili nisipotee. Akichangamka, au akikasirika, kinarudi kwao.

Nikampa kibao kikiwa kwenye leso. Akafungua. Akakitazama. Akakigeuza juu chini.

Akasema, "Pole sana. Buibui iko mukubwa hivi mu nyumba yako?"

Akainama chini ya sinki, akaniletea dawa ya wadudu.

Nikabaki nimesimama na kopo la dawa mkononi kama mtoto wa kipaimara na mshumaa wake. Buibui! Kaa wangu wa Tanga.

Ikabidi nieleze. Huyu ni kaa. Akasema kwao hajasikia mdudu anayeitwa hivyo. Kaa, nikamwambia, kama kukaa. Akasema kwao ni kuikala. Basi elimu yote ya Wasumeri ikanifia mezani kwa sababu ya njia iliyoko kati ya Tanga na Lubumbashi. Nikawaacha Wasumeri. Nikasema kwa mdomo: kaa nami, Furaha, usiende Cape Town, nataka kukuoa.

Akaweka kidole ukingoni mwa kibao, akauliza hii alama ni nini. Nikamweleza habari ya ukucha na mikataba. Akacheka polepole. Kisha akarudia utani wake ule ule, kwamba ananizidi miaka minne na nitakuja kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Anautania umri huo mara nyingi mno. Sidhani kama ni utani mtupu.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema swali la udongo linajibiwa kwa udongo. Akaomba bonge moja na tete, na mimi ninavyo kwenye begi siku zote.

"Weye unasomaka bintu ya bantu balikufa zamani," akasema. "Yangu nayo utasoma. Sitakutafsiria."

Akasema nikishasoma, nitajua la kufanya kabla ya hiyo Ijumaa ya Cape Town. Nimerudi nyumbani na dawa ya wadudu kwenye begi. Alisisitiza.

Jumapili, 9 Machi

Furaha amesema kibao kinakauka dirishani kwake. Sijauliza zaidi.

Nimesafisha nyumba yote. Nimenunua kiti cha pili cha mezani, cha kwanza kilikuwa kinajisikia mpweke. Nimekisogeza mara kadhaa kutafuta mahali pake. Dona Lurdes kasikia kelele, kapanda kuuliza kuna nini, kaona kiti, katabasamu, kashuka bila neno. Nina furaha ya kijinga kabisa. Nikifungua friji naimba, nikifunga naimba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekipata. Furaha alishuka kwenye basi Braamfontein, akanikabidhi kibao, akapanda lililofuata. Alikuwa anacheka kwa macho tu. Nikatembea na kibao kifuani mpaka ofisini kama nimebeba mayai.

Mistari miwili.

Wa kwanza: mwanamke anayejigusa kifuani. Kisha kikongwe aliyepinda mgongo, ana mkongojo. Kisha mwanamume mwenye miwani.

Wa pili: kaa. Kaa mzuri kunishinda mimi, ana magando na macho yaliyochomoza. Kisha mnara mrefu, mwembamba, wenye kichwa kinene juu.

Ukingoni pamebonyea kidogo, nadhani kimegongwa kwenye basi. Nimeumia, lakini picha zote ziko salama.

Picha tano! Mimi nimesoma vibao vyenye alama tele za wahasibu wa Sumeri waliokuwa na mwandiko wa kuku. Hii naimaliza chai haijapoa.

Baadaye: chai imepoa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekisoma. Heri nisingekisoma.

Mimi, kikongwe, wewe. Mimi ni bibi kwako. Ule utani wa miaka minne haukuwa utani, ndiyo sababu yenyewe. Ananiona kijukuu. Mstari wa pili ndio unamaliza kabisa. Kaa anaishi baharini. Mnara wenye kichwa ni mnara wa taa, unaoongoza meli. Bahari na mnara wa taa, hiyo ni Cape Town, utake usitake. Anaondoka.

Nimejaribu kukisoma vingine. Nimeanzia kulia kwenda kushoto kama walivyozoea Wamisri. Nimeanzia chini. Kila ninavyokigeuza kinanifukuza tu.

Nina hasira. Amechora vizuri mno kwa mtu anayesema hapana. Yule kikongwe ana hata ushungi. Kaa ana hata kope. Mtu anakukataa na bado anaweka kope!

Kiti cha pili nimekigeuzia ukutani. Kisha nikaona aibu, nikakigeuza tena.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi amenitumia ujumbe: Umesoma?

Nikajibu: Nimesoma.

Akaandika: Na?

Hiyo "na" nimeikodolea macho njia nzima kwenye basi. Anataka nini zaidi? Nimwage machozi? Nimeamua niwe mwanamume, nisimbane mtu aliyekwishaamua. Nikaandika: Nakutakia kila la heri.

Ameona. Hajajibu. Mpaka jioni hajajibu.

Nimempigia bibi yangu kule Muheza, nilitaka tu kusikia sauti ya mtu anayenipenda. Akapokea kama kawaida yake, "Mume wangu, hujambo?" Ndivyo anavyoniita tangu nina meno ya utoto, utani wa bibi na mjukuu. Nikamsimulia yote. Habari ya Cape Town haikumshughulisha. Kilichomkera ni mkongojo. Kwa nini bibi akichorwa lazima awe na mkongojo, yeye hana mkongojo, anapanda ngazi za kanisa peke yake. Halafu akacheka na kusema nisihangaike, bibi yangu ndiye mke wangu wa kwanza, hao wengine watanikuta nimeshaoa.

Nikacheka naye, shingo upande. Alinitakia usiku mwema, mume wangu. Nimelala mapema.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekaa sasa. Naanza asubuhi.

Darasani ilikuwa siku ya wanafunzi kuandika kwa picha zinazoazima sauti. Nilikuwa nafundisha kama redio, maneno yanatoka, mimi sipo. Thandeka, anayekaa mbele, kaleta kibao chenye mwezi mwandamo na mtu kando yake. Nikamwambia, umeandika mtu anayetembea usiku. Akasema hapana, huyo ni mjomba wake, ni mganga. Kwa Kizulu mwezi ni inyanga, na mganga wa kienyeji naye ni inyanga. Kisha akaniuliza bila ubaya wowote: wewe ulikuwa unaisoma kwa lugha ya nani?

Nikafungua mdomo nimjibu. Jibu ninalo, lipo kwenye maelezo yangu ya wiki ya pili, nalitoa kwenye mtihani kila mwaka. Kabla hujaisoma picha, uliza aliyeichora alikuwa anaongea lugha gani.

Kaa.

Nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, mezani kwake! Kaa si kaa. Kaa ni kukaa. Mimi mwalimu wa picha zinazoazima sauti nimemsoma kaa kuwa kaa. Nikageuka dirishani na mnara huo hapo, mnara wa Hillbrow, mrefu, mwembamba, na kichwa chake kinene, unaoonekana kutoka kila pembe ya jiji hili. Kukaa. Joburg. Anakaa Joburg. Haendi popote.

Nikawaambia wanafunzi darasa limekwisha. Halikuwa limefika hata nusu. Thandeka aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia naam.

Kwenye basi furaha ikaanza kupungua. Anabaki Joburg, sawa, ila bado kuna kikongwe. Anabaki, lakini mimi ni bibi kwako. Basi nimebakishiwa rafiki wa kula naye bukari Ijumaa. Nimefika nyumbani nimechanganyikiwa, nimefungua friji nitafute maji.

Kwenye mlango wa friji pana kadi ya harusi ya mwenzetu mmoja wa chama cha Watanzania. Imebandikwa hapo na sumaku tangu Januari. Naiona kila ninapotaka maziwa. "Familia ya Bwana na Bibi Mkumbo inayo furaha kukualika..."

Bwana na Bibi.

Nilisimama mlango wazi mpaka friji likaanza kulia. Bibi Mkumbo si nyanya wa mtu. Ni mke wa Bwana Mkumbo. Na bibi harusi, je, bibi harusi ana mkongojo? Nikakumbuka kanisani kwao Furaha walinitambulisha kwa "bibi ya pasta", dada mbichi kabisa, na mimi nikafikiri ni cheo cha heshima cha akina mama wa kanisa. Nikamwamkia shikamoo! Kwao Lubumbashi bibi ni mke. Mchana na usiku, mke. Kwangu anakinyoosha Kiswahili, anasema mke, anasema madame, sijawahi kumsikia akisema bibi. Lakini alipoandika ameandika kwa lugha ya nyumbani kwao. Na kwa kuwa anajua mimi nikisikia bibi naona kikongwe, amenichorea kikongwe ili nilisikie neno. Picha kwa Kiswahili changu, maana kwa Kiswahili chake.

Mimi, bibi, wewe. Kaa, Joburg. Mimi ni mke wako. Nakaa Joburg.

Na mimi nimemjibu kila la heri.

Jiwe langu la Rosetta lilikuwa kwenye friji la Rosettenville, limeshikwa na sumaku ya nanasi. Nikalichomoa nikatoka nalo.

Simu yake haikupokelewa. Taksi ya kwanza mpaka mjini, ya pili kwenda Kensington. Umeme ulikuwa umekatika na robot, taa za barabarani, zote zimezima, kila makutano magari yanabembelezana. Nilimwomba dereva afanye haraka. Akaniangalia kwenye kioo, akasema eish, na akaenda polepole zaidi.

Furaha alikuwa amesimama nje ya duka la mashuka na mama mwenye duka, Mrundi, mama Consolata. Aliponiona akakunja mikono.

"Kila la heri?" akasema.

Nilikuwa nimepanga hotuba kwenye taksi. Ilipotea. Nikasema tu, "Bibi yangu."

Mikono ikakunjuka kidogo. Nikamwonyesha kadi. Nikamweleza mnara wa taa, bahari, kikongwe, friji, yote kwa pamoja bila kupumua. Nikasema nilikusoma kwa Kitanzania.

"Mujinga weye," akasema, na kicheko kikamtoka mpaka akaegemea ukuta.

Hapo ndipo aliponiambia kwamba asubuhi alikuwa amewaandikia Cape Town kuwa anakuja. Baada ya kila la heri yangu angefanya nini? Na simu ikaita mkononi mwake, mwalimu mkuu wa kule, anapiga kumkaribisha. Nimeogopa mara chache maishani kama dakika ile. Akapokea. Akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akasema anaomba radhi sana, ametengua uamuzi wake, anaolewa Johannesburg. Huko upande wa pili nilisikia mama mtu mzima anacheka na kumpongeza.

Mama Consolata, ambaye muda wote huo alijifanya kukunja shuka lilelile moja, akapiga vigelegele mpaka watu wa spaza, kile kiduka cha jirani, wakatoka kuangalia. Nililia. Naliandika hivyo hivyo, nililia barabarani, na kadi ya watu mkononi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempa Thandeka alama zote. Akauliza amezipataje, nikasema kwa swali zuri.

Bibi nimempigia. Kapokea, "Mume wangu." Nikamwambia sasa nina bibi wawili, mmoja wa Muheza na mmoja wa Lubumbashi. Akataka kujua huyo mwenzake anajua kupika kisamvu. Nikasema anajua, ila anakiita sombe. Akasema atamsamehe. Pasipoti anaanza kuishughulikia Jumatatu, na mkongojo hataki kuuona kwenye kadi yoyote.

Dona Lurdes katupandishia mkate wa sherehe. Sikumwambia neno. Anasema alikisikia kiti kikigeuzwa, kikageuzwa tena, akajua.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imetulia. Hewa ya vuli imeanza, asubuhi unahitaji sweta. Furaha kalala baada ya kanisa, kwenye kochi, miguu juu ya kiti cha pili. Ndiyo kazi ya kile kiti siku hizi.

Nimeloweka vibao vya wanafunzi kwenye ndoo, udongo ulainike kwa darasa la kesho. Nimevipangusa vibao vyetu viwili na kuviweka dirishani, buibui wangu na bibi wake. Wakati napangusa cha kwake nimepita tena pale ukingoni palipobonyea, pale nilipodhani basi lilikigonga. Nimekisogeza kwenye mwanga.

Si pa kugongwa. Ni mwezi mdogo, umepinda vizuri, umebonyezwa kwa kusudi, kwa utulivu. Ukucha. Mdogo kuliko wangu. Nilimweleza mara moja tu ile Ijumaa, na alikuwa ameshika. Nilikisoma kibao hiki kwa siku tatu za uchungu, na sahihi yake ilikuwepo muda wote.

Sikumwamsha. Nimechovya kidole kwenye maji ya ndoo, nikalowesha ukingo kidogo, nikasubiri udongo ulegee. Nikabonyeza ukucha wangu kando ya wake. Nimekirudisha dirishani kikauke.